Hela ya halmashauri kwa mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo inatoka wapi, na mzazi anaifikiaje

Kila sisi wa ustawi wa jamii wa halmashauri tukienda mitaani kutoa elimu swali la kwanza ni lile lile, "afisa, zile hela za asilimia mbili za walemavu mwanangu anazipataje?" Anayeuliza mara nyingi ni mama, na mtoto wake ana mtindio wa ubongo, au usonji, au ulemavu wa akili ambao hospitali hakuna aliyewahi hata kuupa jina. Jibu inabidi niliseme wazi maana watu wamezungushwa sana: ile asilimia mbili ni mkopo, sio huduma, na haikutungwa kwa ajili ya mtoto kama huyo. Hela inayomhusu ipo, ila imekaa kwenye mafungu mengine kabisa ambayo hayatangazwi redioni, na inaamuliwa kwenye vikao ambavyo wazazi hawa hawafiki.

Tuanze na hiyo asilimia mbili tuimalize. Mwaka 2018 hapa Tanzania Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, iliongezewa kifungu cha 37A kinachoitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani ni zile hela halmashauri inazokusanya yenyewe, ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na stendi, leseni za biashara, ushuru wa huduma, vibali vya ujenzi. Tuseme halmashauri ina bilioni 3 za kupigia hesabu baada ya kutoa vile vyanzo lindwa, yaani hela zenye matumizi yake maalum, kama malipo ya wagonjwa hospitalini, basi asilimia 10 ni milioni 300 na fungu la wenye ulemavu ni milioni 60 kwa wilaya nzima kwa mwaka mzima. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya matatizo ya marejesho na vikundi hewa kuonekana kwenye ripoti za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikarudi mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya.

Sasa mkopo ni mkopo. Unataka mtu mzima, mwenye shughuli au wazo la biashara, atakayesaini mkataba na kurejesha, na sheria yetu ya mikataba inataka anayesaini awe na akili timamu. Kwaiyo asiyeona akikopa akafungua duka, kiziwi akikopa akanunua cherehani, hapo sheria imefanya kazi yake na tunashukuru. Lakini mtoto wa miaka 9 ambaye hajakaa mwenyewe, au kijana wa 22 mwenye usonji ambaye haongei, huyo hana mlango hapo. Wazazi wamekuwa wakiomba waruhusiwe kukopa kwenye fungu hilo kama walezi, na kanuni zimekuwa zikibadilika, so ukifika kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako muulize kanuni ya sasa inasemaje kuhusu mlezi, na mwambie akuonyeshe kwenye karatasi. Akisema haiwezekani bado mama unaweza kuingia kikundi cha wanawake kwenye ile asilimia 4, hakuna anayekuzuia kwa sababu una mtoto mwenye ulemavu, na kuna wanawake wanajiengua wenyewe wakidhani lao ni lile la mbili tu.

Tumemaliza hilo, turudi kwa mtoto. Anachohitaji sio mtaji. Anahitaji fiziotherapia ili misuli isikakamae, dawa za kifafa zisizokatika, kiti mwendo kinachomshika mgongo na shingo (sio kile cha hospitali cha mtu mzima ambacho mtoto anateleza mpaka chini, nimeona mama amemfunga mwanae kwa khanga kwenye kiti hicho asidondoke, na kiuno kikaanza kupinda), mwalimu wa elimu maalum, choo anachoweza kutumia, na mtu wa kumpokea mama mzigo hata kwa masaa machache. Kila kimoja kati ya hivi kina fungu lake ndani ya bajeti ya halmashauri. Ukijua fungu unajua nani wa kumuuliza, usipojua utaambiwa "nenda ustawi wa jamii" milele, na ustawi ndo kitengo chenye hela ndogo kuliko vyote hapo ndani, nakwambia nikiwa humo humo.

Elimu kwanza. Tangu 2016 elimu msingi haina ada na shule ya msingi hupata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango kilichopangwa 6,000 ziende shuleni na 4,000 za vitabu. Elfu sita haimtoshi mtoto anayehitaji mtu wa kumbadilisha nguo mchana, hilo kila mtu analijua, ndo maana shule zenye vitengo vya elimu maalum zinahitaji nyongeza, chakula, vifaa, msaidizi. Ila sikiliza hapa, hesabu zote hizi zinaanzia kwenye idadi. Mwalimu mkuu anajaza fomu ya takwimu, ile TSM, inaonyesha watoto wangapi wana ulemavu wa akili, wangapi usonji, wangapi wa viungo, na afisa elimu maalum wa halmashauri anaomba kwa kutumia namba hiyo hiyo. Mtoto aliyefungiwa ndani hayupo kwenye TSM, na ambaye hayupo kwenye TSM hana dawati wala choo wala mwalimu. Mwalimu analipwa na serikali kuu ni kweli, lakini anapangiwa shule gani ndani ya wilaya ni uamuzi wa halmashauri. Unakuta mwalimu kasomea elimu maalum pale chuo cha ualimu Patandi halafu anafundisha hesabu darasa la saba shule ya kawaida, na kilomita chache kutoka hapo kuna kitengo kina mwalimu mmoja na watoto wamejaa. Hilo halihitaji hela mpya, linahitaji mtu alisimamie kwenye kikao, na mimi naliona ni katika mambo yanayoumiza zaidi maana suluhisho lipo mkononi.

Afya. Fiziotherapia ikiwepo inapatikana hospitali ya wilaya au ya mkoa, zahanati hakuna. Mama anambeba mtoto mgongoni, bodaboda kwenda na kurudi, na mazoezi hayafanyiki mara moja kwa mwezi yakasaidia, kwaiyo nauli inamshinda anaacha, halafu kwenye faili panaandikwa "hakurudi". Mipango ya afya ya wilaya inaandaliwa kila mwaka na timu ya mganga mkuu wa wilaya, ina hela za mfuko wa pamoja wa afya na makusanyo ya vituo vyenyewe, na humo inawezekana kabisa kuweka siku ya mtaalamu kushuka kituo cha afya cha kata kuwaonyesha wazazi mazoezi ya nyumbani. Gharama yake ni mafuta ya gari na posho ya siku. Gari la chanjo linashuka huko huko kila mara, mtaalamu anaweza kukaa kiti cha nyuma. Kinachokosekana ni mstari kwenye mpango.

Ustawi wa jamii sasa. Ukifungua kitabu cha bajeti ukatafuta neno "ulemavu" utakutana na mstari au miwili, na mara nyingi mmoja ni maadhimisho ya tarehe 3 Desemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu Duniani. Turubai, fulana, spika, chakula cha wageni. Siipingi siku hiyo, watu wanahitaji kuonekana. Lakini halmashauri ambayo hela yake pekee ya ulemavu kwa mwaka ni ya sherehe haijatimiza wajibu wake, na wajibu huo upo kisheria, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inazipa serikali za mitaa jukumu la kulinda haki na ustawi wa watu wenye ulemavu katika eneo lao, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inawapa jukumu hilo kwa watoto wote.

Wengi wanakosa kwa sababu ya kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, watu wanakuja kudai Juni au Julai, wakati mambo yaliisha zamani. Vipaumbele vinaanzia kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, kwa utaratibu ule wa fursa na vikwazo (wananchi wanataja walichonacho na kinachowakwamisha), kuanzia kama Oktoba hivi. Vinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu wanaviingiza kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kupanga bajeti, ndani ya ukomo wa bajeti, baraza la madiwani linapitisha kwenye Januari au Februari, yanaenda mkoani, TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa), halafu bungeni kuanzia Aprili. Kwaiyo mzazi anayetaka kitengo cha elimu maalum kiwe na choo mwakani anatakiwa aongee Oktoba na Novemba mwaka huu, kwenye mkutano ambao mara nyingi watu wanagombana kuhusu barabara na maji.

Na namna ya kuongea ina maana. Ukisimama ukasema "tunaomba serikali iwakumbuke watoto wetu" mtendaji ataitikia kwa kichwa na haitaandikwa popote. Sema hivi: "mtaa wetu una watoto saba wenye mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili, majina yapo kwenye regista kwa mtendaji, wanne hawapo shule kwa sababu shule ya karibu haina kitengo, tunaomba mpango wa mwaka ujao uweke darasa moja na choo shule fulani, na iandikwe kwenye muhtasari." Idadi hiyo ni mfano tu, wewe peleka ya kwenu. Hapo umempa mchumi wa halmashauri kitu cha kuandika, maana sehemu ya mapato ya ndani lazima iende kwenye miradi ya maendeleo, kwa halmashauri nyingi asilimia 40 na zenye mapato makubwa 60 au zaidi, na darasa na choo ni mradi wa maendeleo kama kalavati lilivyo.

Halafu zile kamati za watu wenye ulemavu za kijiji au mtaa, kata na halmashauri, zinatakiwa kuwepo kisheria, ulizia ya kwenu ina nani. Mara nyingi utakuta mwenye ulemavu wa viungo, asiyeona, kiziwi, mwenye ualbino, wote wana haki ya kukaa pale, ila mtu mwenye ulemavu wa akili hana wa kumsemea kwa sababu mzazi wake hajawahi kuambiwa anaweza kuingia. Mwombe mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi, ubaki na nakala.

Kama Oktoba imekupita, bado. Katikati ya mwaka halmashauri inapitia bajeti na mara nyingine inahamisha hela kutoka fungu lililokwama, diwani wako anajua lini, mpelekee muhtasari wa mkutano wenu kabla ya kikao cha kamati ya fedha. Na kila robo mwaka taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa ibandikwe ubao wa matangazo pale ofisi ya mtaa au kijiji, pita uisome. Ukiona hakuna kilichobandikwa, muulize mtendaji mbele ya mkutano, sio kando, ili swali nalo liingie kwenye muhtasari.