Kabla hujanunua betri, iulize laptopu nani anaiamsha

Mtu anafunga laptopu Moshi ikiwa na chaji asilimia 90, anaitia begini, anapanda basi. Akishuka Arusha, kilomita 80 hivi, begi lina joto kama limebeba chapati na chaji imebaki 60. Fundi wa kwanza kumfikia atamwambia betri imekufa. Mara nyingi betri haina kosa lolote. Mashine haikulala, au ililala ikaamshwa njiani, na ukiweka betri mpya itakwisha vilevile.

Jaribio la kwanza halihitaji hata bisibisi. Ijaze chaji, fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri), andika `shutdown /s /t 0`. Amri hii inazima kabisa. Ukibonyeza Shut down kwenye menyu, Windows 10 na 11 kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, kwa hiyo huko si kuzima kamili. Chomoa chaja, iache usiku kucha. Asubuhi ikiwa imepungua asilimia moja au mbili, tatizo liko kwenye usingizi, endelea kusoma. Ikiwa imepungua 15 ilhali ilizimwa, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijawaka), zima ile huduma ya kuchajia simu kwa USB mashine ikiwa imezimwa, zima pia ile ya kuiwasha kupitia mtandao, kisha urudie jaribio. Isipobadilika, hapo fundi ana haki ya kuifungua na kupima betri na bodi.

Sasa fungua tena Command Prompt, safari hii kwa kubofya kulia na kuchagua Run as administrator, uandike `powercfg /a`. Jibu lake ndilo linaloamua njia yote inayofuata. Ukiona "Standby (S3)" kwenye orodha ya juu, una usingizi wa zamani: prosesa, feni na diski vinakatiwa umeme, inabaki RAM, kumbukumbu ya muda, peke yake. Laptopu za ofisini zilizotumika kama ThinkPad T450 au Latitude E7450 ziko kundi hili. Ukiona "Standby (S0 Low Power Idle)", mashine yako hailali kwa maana hiyo. Inazima skrini na kusinzia kama simu, masikio wazi.

Kwa S3 kazi ni nyepesi, kwa sababu lazima awepo mtu au kitu kilichoiamsha. Mara tu baada ya kuamka andika `powercfg /lastwake`. Ikikujibu kwa mafumbo, nenda Event Viewer, Windows Logs, System, uchuje chanzo kinachoitwa Power-Troubleshooter, tukio namba 1. Hapo utaona saa iliyolala, saa iliyoamka na aliyeiamsha. Angalia kitu kimoja kinachowapoteza wengi: saa hizo zina herufi Z mwishoni, yaani ni za UTC, saa ya kimataifa. Ongeza saa tatu upate zetu. Ukiona 23:00Z, ni 02:00 hapa, saa nane usiku, na huo ndio muda ambao Windows imepangiwa kufanya matengenezo yake yenyewe. Basi usitafute jini. Nenda Control Panel, Security and Maintenance, fungua Maintenance, uondoe tiki inayoruhusu matengenezo kuamsha kompyuta. Kisha kwenye mipangilio ya kina ya umeme (Advanced power settings), chini ya Sleep, weka "Allow wake timers" kuwa Disable upande wa betri.

Kama aliyeamsha ni kifaa, `powercfg /devicequery wake_armed` inakupa majina ya vyote vyenye ruhusa ya kuamsha. Kipanya kisichotumia waya ni mhalifu wa kila siku: kile kipokezi kidogo kimeachwa kwenye tundu la USB, kipanya kimo begini humohumo, basi likipita tuta kinasogea, laptopu inaamka. Chomoa kipokezi, au mnyang'anye ruhusa kwa `powercfg /devicedisablewake` ukifuatisha jina lake ndani ya alama za nukuu, herufi kwa herufi kama lilivyotoka kwenye orodha. Mwingine ni kadi ya mtandao kwenye ofisi zinazotumia waya. Kwenye Device Manager, zima "Wake on Pattern Match" katika sifa za kadi hiyo, maana hiyo huiamsha mashine hata kwa pakiti za kawaida zinazopita kwenye LAN, yaani mtandao wa ndani wa ofisi. "Wake on Magic Packet" iache tu kama kuna mtu anayeiwasha kwa mbali.

Kundi la S0 ndilo linalonunuliwa betri bure kuliko yote. Humo kuzuia kifaa kimoja kimoja hakusaidii sana, kwa kuwa mashine ina ruhusa ya kuamka kidogo kidogo kwa wifi, barua pepe na masasisho. Andika `powercfg /sleepstudy`. Inatengeneza ripoti ya HTML ya siku tatu zilizopita. Tafuta kipindi kirefu cha usingizi wa usiku, ukibofye, usome sehemu ya "Top Offenders". Kikitajwa kifaa, mfano kadi ya wifi au ya sauti, chukua draiva, yaani programu inayokiendesha, kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yenyewe.

Piga hesabu uone kwa nini hili ni zito. Betri ya Wh 45 (saa-wati, kiasi cha umeme inachobeba) ikinyonywa wati 1.5 usingizini inakwisha kwa saa 30. Ikiwa imechakaa imebaki Wh 30, ni saa 20. Mashine iliyo macho ndani ya begi ikitumia wati 10 inaimaliza betri hiyohiyo chakavu kwa saa tatu, tena ikijipika kwa joto lake. Uchakavu wenyewe utauona kwa `powercfg /batteryreport`, ukilinganisha "Design Capacity" na "Full Charge Capacity".

Dawa ninayoiamini kwa S0 ni Hibernate. Andika `powercfg /h on`, kisha kwenye Power Options chagua kwamba ukifunga mfuniko ikiwa kwenye betri ifanye Hibernate. Kila kilichokuwa kwenye RAM kinaandikwa kwenye diski na umeme unakatwa. Yenye RAM ya GB 8 itachukua takriban GB 3 za diski. Kwenye SSD kuamka ni sekunde chache. Kwa mwongoza watalii anayepita Karatu kwenda kukaa siku kadhaa Serengeti, sioni mpangilio mwingine unaofaa. Ukipewa ujanja wa kubadili rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, ili kulazimisha S3, kataa: kama BIOS haina S3, utaishia kupoteza hata huo usingizi ulionao.

Usisahau mfuniko. Laptopu hujua imefungwa kwa sumaku ndogo pembeni mwa skrini na kihisi kilicho chini ya kibodi. Bawaba ikilegea, au mfuniko ukapinda, sumaku haifiki. Ifunge, uibonyeze pembe moja moja taratibu huku ukitazama taa ya umeme. Taa ikibadilika ukibonyeza na kurudi ukiachia, kaza skrubu za bawaba kabla ya kugusa mpangilio wowote. Lakini kama mfuniko haufungi kwa sababu kibodi imeinuka katikati au tachipadi haibonyezeki, betri imevimba. Izime, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, na hapo ndipo betri mpya inahitajika kweli.