Mbung'o hazai bila akiba ya mafuta

Wadudu wengi hutaga mayai kwa mamia na kujiendea zao. Mbung'o hana mtindo huo. Hubeba mtoto mmoja tu tumboni, yai linaanguliwa humo humo, na buu analishwa maziwa kutoka kwenye tezi maalumu. Baada ya siku tisa au kumi hivi huzaliwa buu mweupe mwenye uzito unaokaribia wa mama yake, wakati mwingine hata kumzidi. Nikiwaonyesha wanafunzi uzazi huo kwenye lenzi, hakosi wa kubisha kwamba kile si mtoto mmoja.

Buu hujichimbia udongoni na kugeuka pupa bila kula chochote. Mafuta na protini zote za kumfikisha kwenye mabawa zimetoka kwa mama, ambaye chakula chake ni damu basi.

Hapa ndipo homoni zinapoamua. Mimba ikiwa changa, homoni ya ujana, inayotoka kwenye tezi ndogo nyuma ya ubongo, huwa juu, na insulini vilevile. Damu iliyofyonzwa hugeuzwa mafuta na kuwekwa kwenye kibubu. Buu akishaanza kunyonya, homoni zote mbili hushuka. Mafuta yanavunjwa na kupelekwa kwenye tezi ya maziwa. Ukimpaka jike dawa inayoiga homoni ya ujana, akiba haifunguki inavyopaswa na uzao hupungua. Anakuwa na mafuta asiyoweza kuyatumia!

Damu nayo ina kasoro: vitamini B ni chache mno. Pengo hilo linazibwa na bakteria aitwaye Wigglesworthia, anayeishi kwenye utumbo wa mbung'o na kurithishwa kwa mtoto kupitia maziwa. Muue kwa antibiotiki, jike anakuwa tasa.

Uzazi wa taratibu namna hii ni udhaifu mkubwa, na Unguja ulitumiwa vizuri. Madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi waliachiliwa kutoka kwenye ndege ili majike wa porini wapandwe nao bila kupata watoto, na kufikia 1997 kisiwa kilikuwa hakina mbung'o tena. Kufuga madume hao kulitaka majike walioshiba, kwani jike mwenye njaa huharibu mimba au huzaa kibuu kidogo. Ndiyo maana katika maabara za kufugia pupa hupimwa uzito. Zikianza kuwa nyepesi, cha kwanza kukaguliwa ni damu.