Baskeli barabarani Unguja: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mwenye baskeli ndiye mwenye kosa, hakuwa na hadhari."

Ndilo neno la mwanzo kusikika mtu akigongwa, iwe Mwanakwerekwe au njia ya Bububu. Hadhari inatakiwa, hilo halina ubishi. Lakini kinachoamua kama aliyegongwa atainuka au atazikwa ni mwendo wa gari. Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa hubeba nguvu mara nne ya inayokwenda 30, si mara mbili, na masafa inayokwenda breki zikishakamatwa hurefuka kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale magari yanapochanganyika na waendao kwa miguu na kwa baskeli. Mchuuzi wa samaki anayetoka Darajani na tenga kwenye keria hawezi kuipunguza mwendo daladala iliyo mgongoni mwake. Serikali inaweza: kwa sheria, kwa matuta, kwa askari wa barabarani, na khasa kwa namna barabara yenyewe inavyochorwa.

"Barabara ikiwa pana, ajali zitapungua."

Lami mpya ni neema, na tuliisubiri sana. Ila dereva akiona uwazi mbele yake hukanyaga mafuta, kibao cha mwendo kiwepo kisiwepo. Barabara inapopanuliwa ndio wakati mwepesi wa kumtengea mpanda baskeli sehemu yake. Ukipita, itabidi kuvunja na kulipa upya.

"Mstari wa rangi unatosha."

Hautoshi. Rangi haimzuii dereva kuegesha juu yake wala daladala kuingia kupakia abiria. Kinachomlinda mtu ni ukingo wa zege, na makutano yanayomlazimisha dereva apunguze mwendo kabla ya kukata kona. Tuangalie na vyuma vya kufunikia mitaro: mianya yake ikilala sambamba na barabara, humeza gurudumu, ikikatiza barabara, baskeli hupita salama. Hili huandikwa kwenye mkataba wa mkandarasi kabla ya jiwe la kwanza, na kwangu mimi ndicho kipimo cha kujua kama mpanda baskeli alifikiriwa.

"Avae kofia ngumu, basi."

Avae, inapunguza majeraha ya kichwa. Haipunguzi mwendo wa gari.

"Hayo ni mambo ya Ulaya, wenzetu wamezaliwa nayo."

Hawakuzaliwa nayo. Uholanzi mwaka 1971 ilipoteza zaidi ya watu 3,000 barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi waliandamana, na sera ikabadilika. Sevilla, huko Hispania, ilianza mwaka 2006 na ndani ya miaka michache ikawa na takriban kilomita 80 za njia zilizotengwa. Mjini Oslo, huko Norway, mwaka 2019 ulimalizika bila ya mpanda baskeli hata mmoja kuuawa barabarani.

Baskeli kwetu si ngeni. Inapeleka mkate alfajiri, inampeleka fundi kazini na mtoto skuli, Unguja na Pemba. Barabara hizi ziko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa hivyo uamuzi uko hapa hapa. Ianze na njia za skuli: mwendo usizidi 30, matuta yajengwe, na watoto watengewe upande wao kwa zege.