Hakuna joto lililohifadhiwa ndani ya gesi

Kuna swali ninalopenda kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi: silinda hii ina gesi, je, mna joto kiasi gani ndani yake? Wengi huanza kukokotoa papo hapo. Swali halina jibu, na anayeelewa kwa nini halina, sehemu kubwa ya themodinamiki, sayansi ya joto na kazi, inakuwa imemfungukia.

Gesi ina kanieneo, ujazo, jotoridi, nishati ya ndani. Hivi naviita vipimo vya hali: ukijua gesi iko katika hali gani sasa hivi, vyote unavyo, wala huna haja ya kuuliza ilifikaje hapo. Ndiyo maana majedwali ya mvuke yanawezekana. Fundi wa mitambo huangalia kanieneo na jotoridi la mvuke mkavu, anasoma nishati ya kilo moja, basi. Safu ya joto au ya kazi hataikuta humo.

Joto na kazi ni vipimo vya njia. Ni nishati inayovuka ukuta wa silinda: joto huvuka kwa sababu ya tofauti ya jotoridi, kazi huvuka kwa kusukuma. Ikishaingia, haiitwi tena joto wala kazi. Mwanafizikia James Joule alilionyesha hili Uingereza katika miaka ya 1840. Aliacha vyuma vizito vishuke polepole, vikizungusha makasia ndani ya maji, na maji yakapanda jotoridi bila moto. Ukipewa maji hayo, hakuna kipimajoto kitakachokwambia kama yalipashwa jikoni au yalikorogwa.

Tuweke namba. Chukua moli moja ya gesi timilifu (gesi ya kufikirika ambayo molekuli zake hazivutani), lita 10, kelvini 300. Tunataka ifike lita 20, jotoridi likiwa lile lile.

Njia ya kwanza, silinda imezama kwenye maji ya kelvini 300 na pistoni inaachiwa polepole sana. Gesi inafanya kazi ya juli 1,729, yaani RT mara logi asilia ya 2, R ikiwa kiwango thabiti cha gesi na T jotoridi. Njia ya pili, tunaipasha gesi kanieneo ikibaki pale pale mpaka ujazo ufike lita 20, ambapo jotoridi ni kelvini 600. Kisha tunaikaza pistoni isisogee na kuipoza hadi 300. Kazi ni juli 2,494. Njia ya tatu haina pistoni: tunafungua koki, gesi inakimbilia chombo kitupu. Haisukumi chochote, kazi ni sifuri. Joule alilijaribu hili mwaka 1845 kwa vyombo viwili vya shaba, kimoja kikiwa na hewa iliyoshindiliwa hadi angahewa 22, na maji yaliyovizunguka hayakuonyesha badiliko la jotoridi.

Nishati ya ndani ya gesi timilifu hutegemea jotoridi tu, kwa hiyo katika njia zote tatu badiliko lake ni sifuri, na joto lililoingia ni sawa na kazi iliyotoka: 1,729, au 2,494, au sifuri. Mwanzo ni mmoja, mwisho ni mmoja, majibu ni matatu. Ndiyo sababu ninakata alama kwa anayeandika ΔQ, yaani badiliko la joto Q: hakuna Q ya mwisho ambayo utaitoa Q ya mwanzo.

Wengine huliona hili kama usumbufu wa mahesabu. Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wenyewe. Ipanue gesi kwa njia ya pili, kisha irudishe polepole kwa njia ya kwanza. Vipimo vyote vya hali vimerudi vilipokuwa, ila mkononi una juli 765 za kazi. Kazi ingekuwa kipimo cha hali, kila mzunguko ungetoa sifuri na injini isingekuwepo duniani, ya daladala wala ya meli.

Kisha akaja mwanafizikia Mjerumani, Rudolf Clausius. Akachukua joto, kipimo cha njia, akaligawa kwa jotoridi hatua kwa hatua, katika njia inayoweza kurudishwa nyuma, na jibu likaacha kutegemea njia! Mwaka 1865 akaliita entropia. Njia ya kwanza: 1,729 kwa 300, ni juli 5.8 kwa kila kelvini. Njia ya pili, gesi ikiwa kama heliamu na ikipashwa na kupozwa polepole: 14.4 zinaingia, 8.6 zinatoka, zinabaki 5.8.

Na njia ya tatu? Joto ni sifuri, na wanafunzi wengi huandika entropia sifuri. Lakini koki ikishafunguliwa, gesi hairudi yenyewe, kwa hiyo joto la njia hiyo halifai kugawiwa. Iache. Shika njia yoyote inayorudishika kati ya hali zile zile mbili, ukokotoe humo: utapata 5.8. Hakuna hata juli moja ya joto iliyoileta kutoka nje. Yote imezaliwa ndani ya gesi yenyewe ilipokuwa ikitawanyika.