Taa zote nane zinawaka, kompyuta haipati mtandao

Wiki iliyopita niliitwa Tabata, nyumbani kwa mama mmoja anayefanya kazi ya kuchapa na kutoa kopi. Ruta iko sebuleni, kompyuta ya mezani iko chumba cha uani, na katikati kuna kuta tatu za tofali za saruji. Waifai haifiki kule, ndiyo maana fundi mmoja aliwavutia kebo ya mita kama arobaini juu ya dari. Simu za humo ndani zinapata mtandao vizuri. Kompyuta haipati kitu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Siku ya tatu leo nawapigia watu wa mtandao, wananiambia kwao kuko sawa.”

Walimwambia kweli. Simu zikifungua kurasa kupitia ruta ileile, ujue mtandao umeshaingia nyumbani na unakwama humohumo ndani. Ukifika hapo, tafadhali usibonyeze kile kitufe kidogo cha kuirudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani. Nimeshakuta nyumba ambazo kitufe hicho kilifuta jina na nywila za kuunganishia huduma, hata simu nazo zikakosa mtandao.

Mimi huanza na taa. Nyuma ya kompyuta, pale kebo inapochomekwa, kwa kawaida kuna taa mbili ndogo. Zisipowaka kabisa, achana na mipangilio kwanza, shughulika na kebo, plagi na tundu. Zikiwaka, nenda kwenye anwani, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao: kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, hiyo kompyuta imejipa yenyewe. Iliomba anwani, ikangoja, haikujibiwa, ikajichagulia. Ruta nyingi za nyumbani hugawa anwani zinazoanza na 192.168. Wengi wakiiona hiyo 169.254 hukimbilia kuandika anwani kwa mkono, na wanapoteza mchana mzima, kwa sababu kama ombi dogo la anwani halifiki kwenye ruta, kurasa hazitafika pia.

Kwa mama, taa ilikuwa inawaka, inazima, inawaka tena. Anwani, 169.254. Nikachukua laptopu yangu na kebo fupi ya mita moja, nikaichomeka kwenye tundu lilelile la ruta. Ikapata anwani papo hapo, kwa hiyo ruta ni nzima. Nikaihamishia laptopu uani, kwenye ncha ya kebo ndefu, nayo ikaanza kusumbua vilevile. Basi kompyuta ya mama haina kosa. Imebaki kebo.

Nikatoa testa, kile kisanduku cha vipande viwili ambacho kila fundi anacho mfukoni. Taa zikapita moja mpaka nane, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja. Fundi aliyenitangulia bila shaka aliona hivyohivyo akaondoka akijua kazi imekwisha. Lakini testa ya aina ile inauliza swali moja tu: waya iliyoingia namba 3 huku imetokea namba 3 kule? Ndani ya kebo waya nane zimesokotwa mbilimbili, na testa haijui ipi imesokotwa na ipi.

Shika plagi, ulimi wake uangalie chini, kebo ije upande wako, kisha hesabu kutoka kushoto. Fundi yule alipanga rangi kama macho yanavyopenda: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Inapendeza. Tatizo ni kwamba mawimbi husafiri kwa jozi, na msokoto wa ile jozi ndio unaozuia kelele za majirani zake. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde unatumia jozi ya 1 na 2, na jozi ya 3 na 6. Kwa mpangilio wake, 3 ni nyeupe-kijani na 6 ni bluu, waya ambazo hazijasokotwa pamoja popote ndani ya kebo. Kwenye mita mbili tatu inaweza kupita. Kwenye mita arobaini jozi zinaingiliana, na taa inaanza kupepesa.

Mpangilio unaotumika sana kwetu ni huu: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Jozi ya kijani inaipisha bluu katikati. Nikakata ncha zote mbili, nikabana plagi mpya. Nyoosha msokoto kidogo tu, usizidi milimita 13, na hakikisha ganda la nje la kebo limeingia ndani ya plagi ili kibano kikamate ganda. Kikikamata waya tupu, siku mtu akivuta meza zinachomoka.

Nilikwangua na waya moja kwa kisu. Ilikuwa shaba mpaka ndani, nikashukuru. Ukienda Kariakoo kununua kebo, omba ukwangue kwanza. Ukiona weupe chini ya ngozi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa. Ni nyepesi, ina bei nzuri, na hukatika kwa urahisi ukiikunja.

Kama kwako taa imetulia lakini 169.254 haiondoki, tazama umechomeka tundu gani. Lile lililoandikwa WAN, mara nyingi lenye rangi ya peke yake, ni la kupokea mtandao kutoka nje. Kifaa chako kinakaa kwenye matundu ya LAN.

Kompyuta ya mama ikapata 192.168.1.14. Nikaandika ping 192.168.1.1, amri ya kuuliza kama kifaa kipo, ruta ikajibu. Nikajaribu 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje, ikajibu. Nikafungua ukurasa kwa jina, ukafunguka. Ingekuwa namba zinajibu na majina yanagoma, ningeangalia DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba.

Kabla sijaondoka nilimwomba anichapie ule mpangilio wa rangi kwenye karatasi moja. Tumeubandika ukutani juu ya ruta, fundi atakayekuja aukute.