Je, wajua kwa nini wimbo uliobadilishwa jina hurudi na jina lake la zamani?

Kuna Jumamosi nzima niliyoimaliza nikibadilisha majina ya nyimbo 212. Zilikuwa za mjomba, benga kwa wingi na rumba kidogo, alizozikusanya kwa miaka kutoka CD za River Road jijini Nairobi, simu za marafiki na flashi za watu ambao hajawahi kuwarudishia. Mafaili yenyewe yalikuwa vurugu: "Track 07", "AUD-0031", "new new (2)". Nilisikiliza, nikampigia simu kumuuliza, nikaandika upya moja baada ya jingine: msanii, kistari, wimbo. Jioni akaichomeka flashi kwenye Probox yake tukashika Thika Road. Kioo cha redio kikaandika "Track 07". Wimbo uliofuata, mahali pa jina la msanii pakatokea nambari ya simu ya duka.

"Si ulisema umezipanga?"

"Nimezipanga, mjomba."

Hakujibu mpaka tukapita Roysambu.

Nilikuwa nikiamini kwamba jina la faili ndilo jina la wimbo. Imani hiyo ina wafuasi wengi, na si wajinga, kwa sababu mara nyingine inaonekana kufanya kazi. Kwenye simu yangu ya zamani niliwahi kubadilisha jina la faili na wimbo ukatokea na jina jipya, nikajiona fundi. Kumbe simu ile haikuwa imeona jina lolote ndani ya wimbo, ikaazima lile la nje.

Jina la faili haliko ndani ya faili. Limeandikwa kwenye orodha ya folda, pamoja na ukubwa wa faili na mahali lilipo kwenye flashi. Ukilibadilisha, unagusa orodha tu. Linganisha baiti za wimbo, yaani vipande vidogo vya data vinavyounda faili, kabla na baada: haijasogea hata moja. Jina ambalo redio hupenda kulisoma limefichwa kwenye wimbo wenyewe, kwenye kipande kidogo cha maandishi kinachoitwa lebo, na kwa mafaili ya MP3 lebo hiyo inajulikana kama ID3.

Chukua sweta ya shule. Mama ameshona jina la mtoto kwenye kola, kisha akaitia kwenye mfuko (enzi zile za mifuko ya plastiki, kabla ya marufuku ya 2017) na kuandika jina juu ya mfuko kwa kalamu. Wewe unaweza kuja ukafuta jina la mfukoni na kuandika lingine kwa mwandiko mzuri kabisa. Sweta ikiokotwa uwanjani, mwalimu hatafuti mfuko, anageuza kola. Redio ya gari ni mwalimu huyo. Jumamosi yangu yote niliimaliza nikiandika kwenye mifuko.

Hii haina maana kwamba mfuko ni bure. Lebo ikiwa tupu, vifaa vingi hurudi kwenye jina la faili, na redio zingine hupanga nyimbo kwa majina ya mafaili, zingine kwa mfuatano zilivyonakiliwa kwenye flashi, jambo linaloeleza kwa nini wimbo wa kwanza huwa ule usioupenda.

Na "Track 07" ilitoka wapi? Kwenye CD. Diski za sauti zilipoingia sokoni mwaka wa 1982 hazikuwa na majina ya nyimbo ndani yake. Nyongeza ya kuyaweka ilikuja 1996, na diski nyingi hazikuitumia. Anayenakili CD bila intaneti hupata namba tu, na programu huzishona namba hizo kwenye kola kama jina halisi.

MP3 nayo ilizaliwa bila kola. Mwaka wa 1996 mtayarishaji programu Eric Kemp alibuni njia ya kubandika baiti 128 mwishoni mwa faili. Hesabu yake ni ya kibahili na inapendeza: herufi 3 za kutangaza kwamba lebo inaanza (T, A, G), 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni, na baiti 1 ya aina ya muziki. Jina la bendi, "Orchestra Super Mazembe", linaingia na kubakiza nafasi saba. Namba ya wimbo ilisahaulika kabisa, hadi 1997 Michael Mutschler alipomega baiti mbili za mwisho za maoni ili kuiwekea nafasi.

Lebo iliwekwa mwishoni kwa sababu programu za wakati ule hazikuijua. Ikikaa mwanzoni, zingeweza kujaribu kuipiga kama muziki. Mwishoni, wimbo umeshaisha, na likitoka sauti la ajabu ni la nukta moja tu.

Ile baiti moja ya aina ya muziki ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Haikubeba neno, ilibeba namba ya kutafutwa kwenye orodha ya aina 80, kuanzia 0 hadi 79. Gospel ni 38, reggae ni 16. Polka imo, na namba 23 ni ya mizaha. Benga haimo. Taarab haimo. Muziki wa kwetu ungeweza kujificha chini ya 12, "nyinginezo", au 48, "ya kikabila". Namba 0 ni Blues, kwa hiyo programu iliyojaza sifuri mahali pasipo na habari ilikuwa inatangaza, bila kujua, kwamba wimbo ni Blues. Ukiona kwaya ya kanisa imeandikwa Blues kwenye mkusanyiko wako, mshuku sifuri kwanza.

Mwaka wa 1998 likaja toleo la pili, ID3v2, na hili likahamia mwanzoni mwa faili. Muziki ulikuwa umeanza kupitia intaneti, ambako faili hufika kuanzia kichwa. Jina likikaa mkiani, utalipata wimbo ukishaisha, kama MC anayemtambulisha msanii aliyekwisha kushuka jukwaani. Herufi hazikubanwa tena kwenye 30, na aina ya muziki ikaandikika kwa maneno.

Lakini kuishi mwanzoni kuna gharama. Jina jipya likiwa refu kuliko la zamani, muziki wote unaofuata lazima usukumwe nyuma, yaani faili zima liandikwe upya. Dawa yake ni ya mama yeyote anayenunua rinda la shule: acha upindo. Programu nyingi huacha nafasi tupu baada ya lebo, na jina likirefuka, upindo unashushwa bila kugusa kitambaa kingine. Ukiacha upindo wa kutosha, nyimbo elfu mbili hurekebishwa haraka. Usipoacha, kompyuta inahema.

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Toleo la pili halikuifuta lebo ya kwanza. Faili moja linaweza kuwa na zote mbili, jina kolani na jina lingine kwenye pindo la chini, na hakuna sheria inayolazimisha zikubaliane. Nilirekebisha nyimbo zote 212 kwa programu iliyogusa lebo ya mbele peke yake. Kwenye laptopu zikang'aa. Kwenye Probox, nambari ya simu ya duka ikarudi. Redio ile ya zamani ilikuwa inasoma pindo, yaani lebo ya kwanza, ile ya mwishoni mwa faili.

Siku hizi natumia programu za kurekebisha lebo, Mp3tag, Kid3 au Picard, na kabla ya kuanza nahakikisha kwenye mipangilio kwamba lebo zote mbili zinaandikwa. Picard hata husikiliza: hutengeneza alama ya wimbo kutokana na noti zinavyopanda na kushuka, kisha hulinganisha na hifadhidata inayojazwa na watu wa kujitolea. Kwa wimbo uliovuma, ni kama uchawi. Kwa benga iliyonakiliwa kutoka santuri iliyokuwa ikizunguka kasi kidogo, noti zote zimepanda na alama huweza kupotea. Hapo nampigia mjomba, nashika simu karibu na spika. Husema jina kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Wiki iliyopita tulipita tena Thika Road. Lebo ya mbele nilikuwa nimeijaza kikamilifu: Daniel Owino Misiani & Shirati Jazz, aina ya muziki Benga, kwa maneno. Redio ikachukua ya nyuma, ikahesabu herufi 30 na kukata: "Daniel Owino Misiani & Shirati". Nikaanza kueleza habari za baiti.

"Wacha," mjomba akasema, akiongeza sauti. "Shirati ndiko kwao."