Mvua ya Uru, mafuriko ya Mabogini

Mvua ikinyesha usiku kucha kule Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Mabogini huku chini wanaweza kuamka na jua kali na bado Mto Rau ukawafikia mlangoni. Watu wa tambarare za Moshi wanalijua hilo tangu utotoni. Mifumo yetu ya taarifa za afya haijajifunza bado.

Kazi yangu ni takwimu za afya. Kila zahanati inajaza vitabu vya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Utoaji Huduma za Afya), mwezi ukiisha inajumlisha, na jumla zile zinaingizwa kwenye DHIS2, programu ya kompyuta ambayo mtangulizi wake, DHIS, alizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990 na inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Ni mfumo mzuri, nautetea popote. Ila unajibu maswali ya mwezi uliopita: wangapi waliugua malaria, wangapi walijifungua. Maji yakija tunauliza mengine. Nani ana ufunguo wa stoo? Jenereta ina mafuta? Mama yupi anatarajia wiki hii, na anakaa ng'ambo ya mto?

Jibu la hilo la mwisho tunalo, limeandikwa kwa mkono kwenye rejesta ya wajawazito: jina, anakoishi, tarehe ya matarajio. Tukishajumlisha, mama yule anakuwa tarakimu moja na kitongoji chake kinapotea njiani. Kwa hiyo orodha ya watu wa kufikiwa kwanza itolewe kitabuni, palepale zahanati, kabla ya masika ya Machi. Waingie pia wanaotumia ARV, wenye TB na wanaojichoma insulini, kwa sababu barabara ikikatika dawa zao zinaisha hukohuko nyumbani. Na orodha hiyo ibaki kwa watoa huduma. Kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp ni kuwavunjia wagonjwa siri zao.

Kwa magonjwa ya mlipuko tuko mbele zaidi. Vyoo vikifurika na maji kuingia visimani, kipindupindu hakisubiri ripoti ya mwezi. Mtoa huduma akimshuku mgonjwa anabonyeza nyota na namba, kama anayetuma pesa, na taarifa inaingia eIDSR, mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia magonjwa, bila bando, hata kwa kitochi. Inahitaji mtandao wa simu tu. Mnara nao ukizimika, kinachobaki ni karatasi na miguu ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na hilo lipangwe mapema.

Masika moja nilipigia zahanati ya tambarare kuuliza kama barabara inapitika. Namba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mganga mfawidhi aliyehama zamani. Akapokea akiwa mkoa mwingine, akaanza kunitafutia namba ya aliyempokea kijiti. Saa nzima ikaenda. Kompyuta zote zilikuwa nzima siku ile. Mstari mmoja tu kwenye orodha ulikuwa haujarekebishwa, na bado unaniuma.

Tangu hapo, kila mwishoni mwa Februari, huku tukifuatilia utabiri wa masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, napiga namba zote mwenyewe. Asiyepatikana namfuata kwa bodaboda. Kisha orodha ya simu inachapishwa: nakala kwa mfawidhi, nakala kwa mtendaji wa kijiji, na nakala kwa mlinzi, maana usiku wa mafuriko yeye ndiye aliyepo, na ufunguo wa geti uko mfukoni mwake.